Daftari la Mkwe Wangu wa Tampere

Ndugu msomaji, sijui kama umepata kuuona mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Sisi tuliozaliwa Masasi, ambako barafu huonekana ndani ya jokofu tu, na jokofu lenyewe tuliliona ukubwani, hatukuwa na sababu ya kuujua. Hata hivyo nakuomba univumilie Jumapili hii, maana nataka kukusimulia habari za timu ya taifa ya wanaume ya Ufini katika mchezo huo, jinsi ilivyoshindwa miaka mingi na jinsi ilivyokuja kushinda, na jinsi habari hizo zilivyoingia nyumbani mwangu bila kubisha hodi.

Mara ya kwanza kuisikia timu hiyo nilikuwa Mtwara, mwezi wa Aprili mwaka 1986. Nilikuwa fundi kijana katika mradi wa maji wa mikoa ya Mtwara na Lindi, mradi uliokuwa ukisaidiwa na serikali ya Ufini tangu miaka ya 1970. Wenyeji wa nyanda za juu za Makonde hawahitaji kuelezwa maana ya maji. Mama zetu wa Newala walikuwa wakiteremka bondeni usiku wa manane na kupanda tena alfajiri, kila mmoja na ndoo yake kichwani, na ndoo hiyo ndiyo ya kupikia, ya kunywa na ya kumwogesha mtoto.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa mhandisi wa Kifini, mtu mrefu, mwenye maneno machache hata ikawa akikuambia kwamba kazi yako ni nzuri unakwenda kumhadithia mkeo. Alinifundisha mengi, lakini moja nalishika hadi leo. Kila kisima kinachochimbwa kiandikwe daftarini: kina chake, aina ya mwamba, na maji yatokayo kwa saa moja. Na kisima kikavu nacho kiandikwe, tena kwa mwandiko ule ule, ili atakayekuja baadaye asipoteze siku zake kuchimba mahali pale pale.

Jioni moja nilimpelekea hesabu za mabomba nikamkuta barazani, ameinamia redio ya masafa mafupi, sikio limegusa kabisa kitambaa cha spika. Alinionyesha kiti kwa mkono, nikakaa. Mashindano ya dunia yalikuwa yakichezwa Moscow, na nchi yake ilikuwa ikicheza na jirani zao wa Uswidi. Ufini ilikuwa ikiongoza kwa mabao 4 kwa 2, na dakika ya mwisho ilikuwa imekwisha kuanza. Ndipo Mswidi mmoja, Anders Carlsson, alipofunga bao, na kabla ya kengele akafunga jingine. Nne kwa nne. Mhandisi aliizima redio, akaitazama kwa muda kama mtu anayemtazama mgeni aliyemtukana nyumbani kwake. Nilimwuliza kama kuna msiba. Akanijibu, “Tutakuwa wa nne. Wa nne tena.” Na kweli walimaliza wa nne. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu alikuwa tayari ndani ya lori, anatungoja sisi.

Nililisahau jambo hilo kwa miaka thelathini na sita.

Sasa niruhusu nikuambie habari za mwanangu, na hapa sitajipendelea. Mimi sikupata kuwa mhandisi. Nilikuwa fundi, nikastaafu fundi. Kijana wangu wa pili alipopata nafasi ya kwenda kusoma uhandisi Ufini mwaka 2011, niliona kwamba Mungu amenilipa deni. Nikauza ekari saba za mikorosho tulizoachiwa na marehemu baba, nikamlipia nauli na fedha za kujikimu. Nikawatangazia majirani. Nikawatangazia na wenzangu wa kazini waliobaki hai. Kwa muda wa miaka mitano nilikuwa nikiulizwa hali ya “mhandisi”, nami najibu kwamba mhandisi hajambo.

Kumbe mhandisi alikuwa ameacha masomo tangu mwaka wa pili. Hesabu zilimshinda, lugha ikamshinda, na baridi ya mwezi wa Januari ikamaliza iliyobaki. Alikuwa akifanya kazi ya usafi katika majengo ya watu usiku, na mchana analala. Mama yake alijua. Mimi nilifichwa mpaka mwaka 2016. Nilipoambiwa sikupiga kelele. Niliketi mezani nikamwandikia barua, fupi kuliko zote nilizopata kumwandikia, na katika barua hiyo niliandika maneno haya: “Nimechimba kisima kikavu. Usinitafute.” Naye akanitii, jambo ambalo watoto hulifanya vizuri sana wakati ule ambapo mzazi anaomba moyoni wasimtii.

Ikapita miaka sita. Katika miaka hiyo alijifunza udereva, akaoa binti wa Kifini, na mapema mwaka 2022 akazaliwa mtoto wa kiume. Mke wangu alikuwa amekwisha kushona kanga mbili na kufunga unga wa uwele wa uji wa mzazi, lakini magoti yake yalikuwa hayambebi tena. Aliniwekea kile kifurushi miguuni akasema, “Mimi siwezi. Nenda wewe.” Nikamwambia sitakwenda. Akasema, “Basi mpelekee mjukuu wako unga, huyo hajakukosea.” Msomaji aliyekaa na mke mmoja miaka arobaini atanielewa nikisema kwamba wiki tatu baadaye nilikuwa ndani ya ndege.

Nilifika Tampere wiki ya kwanza ya Mei. Mwanangu alinipokea, akainamisha kichwa, “Shikamoo, baba.” Nikajibu, “Marahaba.” Akachukua mizigo. Tangu kiwanjani mpaka nyumbani hatukuongeza neno lolote lenye maana. Alinionyesha ziwa, nikaliona. Alinionyesha miti ambayo majani yake ndiyo kwanza yanachanua, nikaiona pia.

Mtaa wanaokaa unaitwa Hervanta, na baba mzazi wa mkwe wangu anakaa jengo la pili kutoka kwao. Alikuwa fundi wa mashine kiwandani, mjane, rika langu kwa kupungua au kuzidi kidogo. Alikuja siku ya pili na mkate mweusi mikononi, tukapeana mikono, tukakaa. Yeye hajui Kiswahili wala Kiingereza cha kutosha, nami Kifini nilichokumbuka cha Mtwara kilikuwa maneno mawili, la maji na la kahawa. Kwa hiyo ikawa kila analosema lazima lipite kinywani mwa mwanangu, na kila ninalosema mimi lipite hapo hapo. Nilimsikia kijana wangu akiisema lugha ile bila kukwama hata kidogo, lugha ambayo mhandisi wangu aliwahi kuniambia kwamba hata Waswidi waliozaliwa mlango wa pili hawaijui. Lugha iliyomshinda darasani alikuwa ameipatia njia nyingine. Hilo sikuliandika mahali popote wakati ule, lakini nililiona.

Mwezi ule mji mzima ulikuwa na jambo moja tu. Mashindano ya dunia yalikuwa yanafanyika Ufini, kuanzia tarehe 13 hadi 29 Mei, katika miji ya Helsinki na Tampere, na uwanja wa Tampere ulikuwa mpya kabisa, ulifunguliwa Desemba 2021. Mkwe aliponiona natazama picha za wachezaji gazetini alirudi kwake, akaja na daftari.

Ngoja kwanza nikueleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Wachezaji sita kila upande, pamoja na mlinda mlango, huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini na kuteleza kwa kasi ya pikipiki. Badala ya mpira wanapiga kisahani kigumu cheusi kinachotoshea kiganjani, na mtu asiyezoea kutazama hakioni, huona tu watu wanashangilia. Muda ni vipindi vitatu vya dakika ishirini. Mchezaji akikosa adabu hutolewa nje, akafungiwa katika kibanda cha vioo, kwa kawaida dakika mbili, na wenzake hucheza pungufu. Dakika zikiisha mlango hufunguliwa naye hurudi mchezoni kana kwamba hakuna lililotokea. Nilimwuliza mkwe, dakika mbili tu? Akasema kosa likiwa kubwa huwa tano, au hutolewa moja kwa moja. Lakini nyingi ni mbili. Nikanyamaza, nikiikumbuka adhabu yangu mimi ya miaka sita.

Daftari lile lilikuwa la shule, gamba gumu la buluu, limeshonwa upya mgongoni kwa uzi wa viatu. Ndani yake kuna mistari ya safu: mwaka, mji, nafasi iliyoshikwa na Ufini, na michezo mikubwa. Ukurasa wa kwanza ni mwaka 1965, mji Tampere. Yeye alikuwa kijana mdogo, na baba yake alimpeleka kuangalia mashindano ya dunia katika jumba la Hakametsä, jumba la kwanza la barafu lililoezekwa katika nchi nzima, lililojengwa kwa ajili ya mashindano hayo. Timu zilikuwa nane. Katika safu ya nafasi, kwa mwandiko wa mtoto, imeandikwa 7.

Ufini ilikuwa imeingia mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza mwaka 1939. Kwa muda mrefu ilikuwa timu ambayo wakubwa hupumzikia. Mwaka 1967 mkwe ameweka nyota pembeni: mwaka huo, huko Vienna, Ufini iliifunga Chekoslovakia mabao 3 kwa 1. Na hapa mzee aliweka kidole, akamwambia mwanangu anifasirie polepole. Mwalimu wa Ufini siku ile alikuwa Mcheki, Gustav Bubník. Bwana huyu alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya Chekoslovakia, na mwaka 1950 yeye na wenzake walikamatwa na serikali yao wakafungwa. Yeye alihukumiwa miaka kumi na minne. Alipotoka, baada ya muda, akaja kuwafundisha Wafini, na Wafini wake wakaifunga nchi iliyomfunga. Mkwe hakuongeza neno. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Grenoble, waliifunga na Kanada, 5 kwa 2.

Baada ya hapo inaanza safu ambayo, nakiri, ilinichekesha kabla sijaona aibu ya kucheka. 1970, nafasi ya 4. 1971, ya 4. 1972, ya 4. 1973, ya 4. 1974, ya 4. 1975, ya 4. Miaka sita mfululizo, na kila mwaka mwandiko ni ule ule, tarakimu imesimama wima kama nguzo ya simu. Huo mwaka 1974 mashindano yalikuwa kwao Helsinki. Waliifunga Chekoslovakia 5 kwa 2, kisha mlinda mlango wao akakutwa ametumia dawa iliyokatazwa, ushindi ukafutwa, ikaandikwa kwamba wameshindwa 5 kwa 0. Mkwe ameandika matokeo yote mawili, lile la uwanjani na lile la ofisini.

Nikafunua mwenyewe kutafuta 1986. Nikaikuta: Moscow, 4. Na pembeni, kwa maandishi madogo, 4–4, Carlsson. Nilimwambia mwanangu, mweleze mkwe kwamba mchezo huu niliusikia. Niliusikia Mtwara, barazani kwa mhandisi. Mwanangu alinitazama kwanza, maana hadithi hiyo hakupata kuisikia, halafu akaifasiri yote, baraza, redio, lori la alfajiri. Mzee yule alisikiliza akitikisa kichwa, akacheka mpaka akatoa leso. Alisema usiku ule yeye naye alizima redio, akatoka kwenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Medali ya kwanza ya timu hiyo ilipatikana mwaka 1988, Olimpiki ya Calgary, ilipoufunga Umoja wa Kisovieti 2 kwa 1 siku ya mwisho na kuchukua fedha. Katika mashindano ya dunia ya kwanza ni fedha ya Prague mwaka 1992, miaka hamsini na mitatu tangu waanze. Na dhahabu ikaja tarehe 7 Mei 1995, tena Stockholm, mbele ya Waswidi wenyewe, 4 kwa 1. Ville Peltonen alifunga matatu na nahodha Timo Jutila moja. Mwalimu alikuwa Curt Lindström, naye ni Mswidi! Na Waswidi walikuwa wametunga wimbo wa kuishangilia timu yao katika mashindano hayo. Wafini wakauchukua, na hadi leo wanauimba kwa Kiswidi. Binafsi sijasikia wizi wa nyimbo unaopendeza kuliko huo.

Ukidhani kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka, funua mbele. Fedha 1998, fedha 1999, fedha 2001. Na ukurasa wa mwaka 2003 una doa. Mashindano yalikuwa Helsinki, robo fainali, dhidi ya Uswidi kama kawaida. Kufikia katikati ya mchezo Ufini ilikuwa mbele kwa mabao 5 kwa 1, Teemu Selänne peke yake amefunga matatu. Mkwe, ambaye ni mtu mwangalifu, siku hiyo alichukua kalamu ya wino, akaandika 5–1, akaenda jikoni kuchemsha kahawa. Uswidi ikafunga la pili, la tatu, la nne, la tano, na la sita. Ukurasa ule umekatwa mstari mara moja, si kwa hasira, na chini yake imeandikwa 5–6. Tangu siku hiyo, alisema, kalamu haitoki mfukoni kabla ya kengele.

Mwaka 2006 walifika fainali ya Olimpiki huko Torino wakafungwa na Uswidi 3 kwa 2. Mwaka 2011 wakawalipa, 6 kwa 1, fainali ya Bratislava. Mwaka 2019, Bratislava tena, timu isiyokuwa na majina makubwa iliifunga Kanada 3 kwa 1, mabao mawili yakiwa ya nahodha Marko Anttila, mtu mrefu ajabu. Februari 2022, Beijing, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, 2 kwa 1 dhidi ya Warusi. Nchi yenyewe ina watu milioni tano na nusu hivi, karibu sawa na mkoa wetu wa Dar es Salaam kwa sensa ya mwaka huo huo.

Siku moja, tukiwa tumekwisha kuzoeana, nilimwambia mwanangu amwulize mkwe swali lililokuwa linanikera. Kwa nini aliendelea kuandika? Ile miaka ya nne, nne, nne, kulikuwa na nini cha kuandika?

Mzee alifikiri, kisha akajibu sentensi moja. Mwanangu akasita. “Anasema daftari lilikuwa na kurasa zilizobaki.”

Halafu mzee naye akauliza lake. Alikuwa amesikia kwamba mimi nilikuwa mtu wa maji. Je, na mimi nilikuwa na daftari? Nikasema nilikuwa nalo. Niliandika nini? Nikaanza kueleza, kina, mwamba, maji kwa saa, na mwanangu anafasiri. Kisha, kwa mazoea, nikasema lile la mhandisi, kwamba kisima kikavu nacho huandikwa. Maneno yakanitoka kabla sijayaona. Mwanangu alikuwa amempakata mtoto. Hakunitazama. Chumba kilikaa kimya muda wa kutosha kusikia mtoto akipumua. Kisha akayafasiri, kisima kikavu, kwa sauti ile ile aliyotumia kwa mwamba na mabomba, hakuishusha wala hakuipandisha.

Mzee akauliza kama visima hivyo vilikuwa vingi. Nikasema vilikuwa vingi.

“Anauliza, mlivifukia?”

Nikasema, “Mwambie vingine nilivikatia tamaa mapema. Mwambie kuna mahali tuliacha, wakaja wengine baadaye, wakachimba hatua chache pembeni, wakapata maji. Mwambie kosa lilikuwa la aliyepima.”

Naye akamwambia. Sikujua Kifini chake kiliyabeba maneno hayo kwa uzito gani, ila yalichukua muda mrefu kuliko Kiswahili changu, na alipomaliza alinyanyuka akasema mtoto anahitaji kubadilishwa nguo.

Fainali ilichezwa Jumapili tarehe 29 Mei, Ufini na Kanada, pale pale Tampere. Mwanangu alikuwa zamu. Ni dereva wa tramu, gari la reli linalopita katikati ya barabara za mji, na njia yake inaanzia Hervanta na kupita mjini kabisa. Mkewe alikuwa chumbani na mtoto. Tukabaki wazee wawili mbele ya televisheni, bila mkalimani.

Kanada ilifunga kwanza. Katika kipindi cha tatu Mikael Granlund akafunga mawili, Joel Armia akaongeza la tatu, tukawa 3 kwa 1. Nasema “tukawa”, nisamehe. Zikabaki dakika mbili na ushei. Nilimtazama mkwe mfukoni; kalamu ilikuwa imetulia mahali pake. Kanada wakamtoa mlinda mlango wao wakaongeza mshambuliaji, wakafunga la pili. Ikabaki dakika moja na nusu hivi, wakafunga la tatu.

Mkwe alinyanyuka. Hakusema kitu. Alifungua mlango wa kibaraza, akatoka, akaufunga nyuma yake, akasimama kule akiitazama misitu, mikono mgongoni. Ilikuwa ni baraza ya Mtwara mbele ya macho yangu. Sikuwa na neno la kumwambia, na kama ningekuwa nalo hakuna wa kulifasiri.

Muda wa nyongeza ulianza naye yuko nje. Kanada wakapata adhabu, mtu wao mmoja akafungiwa kibandani, Ufini wakabaki wengi zaidi. Kisahani kikatoka upande huu kwenda upande ule, nami kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile nikakiona, nakuapia, nilikiona waziwazi kikimfikia Sakari Manninen, nikakiona kinaingia wavuni. Nikapiga kelele. “Mkwe! Rudi, mkwe! Rudi!” Kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Na katika vibaraza vyote vya jengo lile na majengo ya pili watu walikuwa wakipiga kelele vivyo hivyo.

Aliingia uso umelowa. Alitazama saa ya televisheni mpaka akahakikisha imesimama. Ndipo alipotoa kalamu, akaketi, akafungua daftari juu ya goti, akaandika: 2022, Tampere, 1.

Mwaka uliofuata katika uwanja huo huo Kanada iliwatoa robo fainali, 4 kwa 1, na mwanangu ameniandikia kwamba hilo nalo limeingizwa daftarini.

Lakini usiku ule, kama saa tano hivi, mbingu bado zina mwanga, simu yangu ililia. Kwa miaka sita jina lile halikuwa limetokea kwenye simu yangu; hata wiki zile tatu tulizokaa nyumba moja hakuwa na haja ya kunipigia. Nilisikia makelele, honi, watu wanaimba.

“Baba, umeona?”

“Nimeona. Uko wapi?”

“Niko katikati ya mji. Tramu imesimama. Watu wamejaa kwenye reli, hakuna wa kuwaondoa, tumeambiwa tungoje.”

“Umekula?”

“Bado.”

“Mkeo amekuwekea. Nitakupashia.”

Akanyamaza. Mimi nami nikanyamaza. Nyuma yake mtu alikuwa akigonga kioo na kumwita, na wengi wakimwitikia.

“Wanakuambia nini hao?” nikamwuliza.

“Wanasema dereva nishuke nicheze. Nami siwezi kuacha gari.”

“Usiache gari. Fungua kioo, uinue simu nami nisikie.”

Akafungua.